Mtu Aliyeokoka Mara Tisa

Watu wengi huokoka mara moja, wakiteleza wakarudia mara ya pili, basi. Zadock Imbuga, fundi wa rangi wa mtaa wa Satellite, Nairobi, aliokoka mara tisa. Sisemi uvumi, mambo haya yameandikwa. Kanisa lao la mabati, lile la nyuma ya kinu cha posho, lilikuwa na daftari la waongofu wapya, na ndani yake Zadock alikuwamo kama Zadock Imbuga, kama Z. Imbuga wa Riruta, kama Ndugu Zadoki, na mwaka mmoja mwandishi alipochoka, kama "mzee wa rangi". Kuna Desemba ambayo kanisa lilimtangazia mgeni wa heshima kwamba mwaka huo limevuna roho sita, na mbili kati ya hizo sita zilikuwa Zadock.

Mcheke, lakini mcheke kidogo. Hata mkewe Peres alimcheka, na chini ya jua hakuna aliyempenda Zadock kumshinda Peres.

"Baba Lornah, eti umeokoka tena?" angemuuliza, akimwekea ugali mezani.

"Nimeokoka, Mama Lornah. Hii sasa ni ya ukweli."

"Na ile ya Agosti?"

"Ile ilikuwa imelegea."

"Kwani wokovu ni mshipi?"

Zadock angetabasamu kwa aibu, amege ugali wake, na kwa wiki mbili au tatu nyumba ingejaa nyimbo. Angeimba akichanganya rangi, aimbe akioga, aimbe mpaka jirani agonge ukuta. Kisha siku moja nyimbo zingekatika, na Peres angejua kwamba huyu bwana amekwisha kuupoteza tena wokovu wake, kama watu wanavyopoteza miavuli.

Alikuwa mtu mfupi, mwenye madoa ya rangi nyuma ya masikio ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyafikia, na alinukia tapentaini hata siku ya Jumapili akiwa ndani ya suti. Kazi yake ilikuwa safi. Wenye ploti wa Satellite na Riruta walimgombania, maana Zadock alipiga msasa ukuta mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto, na hakuwahi kuiba hata kopo. Alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa moja: ole wako uguse rangi yake kabla haijakauka. Hapo upole wote ulipaa. Alikuwa akifunga kamba ya katani mbele ya ukuta aliomaliza na kukaa juu ya kopo kama askari wa benki, akiwatolea macho wenye nyumba wao wenyewe. Wenye nyumba wana ugonjwa mmoja. Ukiwaambia rangi ni mbichi, hapo hapo wanapeleka kidole kuhakikisha.

Sasa nieleze kwa nini mtu mzuri kama huyo aliokoka mara tisa.

Mwaka wa tisini na nane, Zadock akiwa kijana bado, alipata kibarua mjini cha kupaka rangi jengo moja la ghorofa pale Luthuli, mtaa wa maduka ya redio na televisheni. Mwenzake kazini alikuwa Kiragu, Mkikuyu wa Dagoretti, watu wa pale tangu enzi za babu zao. Kiragu hakuwa mpakaji wa kawaida, alikuwa mwandishi wa herufi. Mpe ukuta na uzi wa chaki, akupe jina la duka ambalo mtu angelisoma akiwa ng'ambo ya barabara bila miwani. Siku hiyo Kiragu alikuwa juu ya ngazi akiandika, na kazi ya Zadock ilikuwa moja tu, kushika ngazi.

Ilikuwa msimu wa Kombe la Dunia. Ng'ambo ya barabara, dirisha la duka lilikuwa na televisheni nane zote zikionyesha mechi moja, na umati umejaa hadi barabarani. Zadock alishika ngazi nusu saa. Kisha akajiambia, dakika mbili tu. Akavuka. Akachuchumia nyuma ya mabega ya watu. Na hapo zikapigwa kelele mbili, moja mbele yake na nyingine nyuma yake, na yeye akadhani zote ni za bao.

Alipogeuka, ngazi ilikuwa imelala na Kiragu amelala kando yake, mguu wake umekaa jinsi ambavyo mguu haukai.

Hadi hapo ni ajali, na ajali haina kinga. Dhambi ilikuja baada ya robo saa, nyapara alipofika akihema na kuuliza, "Nani alikuwa anashika ngazi?"

"Mimi," alisema Zadock. "Nilikuwa nimeshika. Ni yeye aliruka. Alikuwa na harufu ya pombe."

Kiragu hakuwa ameonja pombe tangu azaliwe. Lakini alikuwa amezimia, na aliyezimia hajitetei. Maneno yale yakaandikwa kwenye karatasi ya nyapara, yakamfuata hospitalini, yakamtangulia nyumbani. Mguu uliunganishwa ukabaki mfupi, akawa mtu wa kuchechemea, na tangu siku hiyo hakupanda ngazi tena. Aliweka benchi lake pale Dagoretti Corner, akawa anaandika vibao vidogo akiwa amekaa.

Zadock aliokoka mara ya kwanza mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa injili uwanjani. Alilia machozi ya kweli, akamwambia Mungu kila kitu, ngazi, televisheni nane, uongo, yote, na akasikia kifua kimekuwa chepesi ajabu. Alitembea kwenda nyumbani akisalimia mpaka mbuzi. Wiki tatu baadaye akamwona Kiragu kwa mbali akivuka Barabara ya Ngong, bega likipanda na kushuka, na roho ikamruka. Akajiuliza, kama kweli nilisamehewa, mbona naumia hivi? Akahitimisha kwamba ule wokovu haukushika, akaenda mbele tena mkutano uliofuata. Na tena, na tena.

Hakuna aliyejua. Peres alijua tu kwamba mumewe haendi mjini kupitia Corner kama watu wengine wa Satellite, bali huzunguka Kawangware, na kwamba ukiuliza sababu anaanza kusifu barabara ya Kawangware, barabara ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu aliyewahi kuisifu. Mwaka wa 2004, serikali ilipoamuru kila matatu ipigwe mstari wa njano, mafundi wa rangi wa Nairobi nzima walikula mkate wenye siagi. Gereji za Corner zilikuwa zikipiga rangi kutwa. Zadock aliitwa mara nne, mara nne akakataa, kwa sababu kila mstari wa njano ulihitaji kuandikwa njia ya gari, na aliyekuwa akiandika alikuwa Kiragu, amekaa kwenye benchi lake katikati ya gereji. Peres alinuna wiki nzima. Zadock akaokoka mara ya saba.

Jambo moja tu hakulithubutu, nalo ni ubatizo. Kanisa lao lilibatiza kwa kuzamisha, na Pasta Jamleck aliwafundisha kwamba maji ni mara moja. Hilo lilimtisha Zadock kuliko jehanamu. Kuokoka kungeweza kurudiwa, lakini maji? Je, akizama na wokovu uliolegea, halafu ukamtoka wiki ya tatu kama kawaida? Atakuwa ameimaliza nafasi yake ya pekee. Kila mwaka darasa la ubatizo lilipoanza, Zadock alipata kazi ya ghafla Kikuyu au Ngong. Peres alibatizwa, binti yao Lornah akabatizwa, na Zadock akasimama kando ameshika taulo zao, akitabasamu, na moyoni analia. Alichokitaka duniani kilikuwa hicho tu, kuingia majini akiwa na hakika.

Basi, Januari ya 2006, kanisa likafanya mkutano. Pasta akaita wanaotaka kuokoka, na Zadock, kama ilivyo ada, akainuka. Alikuwa amefika karibu na jukwaa pale Pasta Jamleck alipomwona, akasita, kisha akasema, kipaza sauti kikiwa wazi, "Ndugu Zadock, hapana. Wewe rudi ukakae."

Uwanja mzima ulisikia, na hata muuza mahindi langoni alisikia.

Zadock aligeuka akarudi, miguu mizito kama imetiwa saruji. Hakukaa. Aliupita mstari wake, akapita lango, akaenda nyumbani, akajifunika blanketi mchana kweupe. Peres alipofika alimkuta amelala kifudifudi.

"Baba Lornah, sio hivyo. Pasta alimaanisha..."

"Amemaanisha vile amesema. Nimekataliwa, Mama Lornah. Mungu amechoka na mimi. Hata wewe ungechoka."

"Mimi nimechoka kitambo," alisema Peres, "na bado niko." Akaketi kitandani akamshika mguu, maana kichwa kilikuwa ndani ya blanketi.

Wiki tano Zadock hakukanyaga kanisani. Pasta alikuja mara mbili. Mara ya kwanza Zadock hakuwapo, mara ya pili alikuwapo nyuma ya pazia na viatu vyake vinaonekana. Pasta Jamleck alikuwa na akili ya kuchunga watu. Aliviangalia vile viatu, akaviambia kwa sauti ya kawaida, "Mama Lornah, mwambie fundi tumejenga dimbwi letu la ubatizo. Tunalitaka kabla ya Pasaka, na ule ukuta wa nyuma uwe mweupe wa mafuta. Kama hataki, nitatafuta mtu wa Kawangware."

Mtu wa Kawangware! Zadock hakulala vizuri siku hiyo. Kukataliwa na Mungu ni jambo moja, lakini kuacha ukuta wa kanisa lako upakwe na fundi asiyepiga msasa ni jambo lingine. Jumatatu alikwenda na brashi zake.

Alifanya kazi juma zima. Ndani ya dimbwi alipaka rangi ya buluu isiyopitisha maji. Ukuta wa nyuma aliusugua, akauziba nyufa, akaupiga rangi ya chini mara mbili, kisha rangi nyeupe ya mafuta, ile inayong'aa. Ulipokamilika alisimama akautazama, na ingawa alikuwa mtu aliyekataliwa, alifurahi. Akafunga kamba yake ya katani na kukaa juu ya kopo.

Pasta Jamleck akaja kuangalia. Akasifu, akaenda akarudi, akainama, akapita chini ya kamba, na kidole chake, kile kile alichokuwa akiwaonyeshea watu mbinguni, kikaenda moja kwa moja ukutani.

"Pasta!" Zadock aliruka. "Unafanya nini?"

"Nilikuwa naangalia tu kama..."

"Nimekuambia nimemaliza! Fundi akisema amemaliza, amemaliza! Inakauka yenyewe. Sasa ona! Kila mara mtu anagusa aone kama imekauka, anaacha alama, halafu kesho anaona alama anasema fundi hajui kazi. Si fundi, ni kidole chako!"

Pasta alitazama kidole chake cheupe. "Sasa mtu afanye nini?"

"Asifanye kitu! Aende nyumbani akunywe chai, aamini fundi!"

Mabati ya kanisa yalilialia kwa jua. Pasta aliokota kitambaa chenye tapentaini, akajifuta kidole polepole, kama mtu mwenye muda wote wa dunia.

"Ndugu Zadock, umeokoka mara ngapi?"

"Tisa," alisema Zadock, hasira bado kooni.

"Na Fundi alisema amemaliza mara ya ngapi?"

Zadock alitazama ukuta. Alitazama lile doa moja la kidole katikati ya weupe wote. Kisha akaketi juu ya kopo, na mtu mzima wa miaka thelathini na tisa akaanza kulia kwa sauti, hadi mwenye kinu cha posho akazima mashine asikilize kuna nini.

"Ile ya kwanza," alisema alipoweza kusema. "Pasta, ni ile ya kwanza."

"Ndiyo maana nilikwambia urudi ukakae."

Hapo ndipo Zadock alipomweleza habari za Kiragu, kwa mara ya kwanza kumweleza mtu mwenye masikio ya nyama. Pasta alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na kwa Pasta huo ulikuwa muujiza mdogo.

"Mungu alikusamehe siku ile," alisema. "Lakini Kiragu hajasikia kitu. Umemwambia Mungu mara tisa, na Kiragu hata mara moja. Enda kwake. Na usiende ukitetemeka kama mtu anayetafuta kusamehewa na Mungu, hiyo unayo. Enda kama mwenye nayo."

Ni rahisi kusema. Alhamisi asubuhi Zadock alitoka Satellite akashuka Barabara ya Naivasha, njia ambayo hakuipita kwa miaka saba, akijikaza kisabuni. Pale Corner alilikuta benchi, na Kiragu amekaa juu yake akiandika kibao cha duka la nyama, mguu mfupi umenyooshwa. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi pembeni.

"Niaje, fundi," alisema Kiragu bila kuinua macho. "Nimekungoja sana."

Zadock alisahau yote aliyoyapanga. "Kiragu, sikuwa nimeshika ngazi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa juu, ndugu yangu. Nilisikia inatikisika nikaangalia chini. Nikaona ngazi, nikaona ndoo. Wewe sikukuona." Aliweka brashi ndani ya kopo. "Si hiyo. Mtu anaweza kuacha ngazi. Mguu niliuzoea. Lakini ile ingine, Zadock. Ile ya pombe."

Zadock aliinamisha kichwa.

"Wewe unajua baba ya Wahu aliuawa na chang'aa?" Wahu, Mama Annah, alikuwa mkewe Kiragu. Wakati wa ajali walikuwa na mwaka mmoja tu kwenye ndoa. "Alinikubali kwa sababu sinywi. Halafu naamka hospitali, napata bibi yangu ameambiwa nilianguka nikiwa mlevi. Nikamwambia sio kweli. Kila mlevi si husema hivyo? Akanyamaza. Ni mke mzuri, hajawahi nirushia hiyo maneno. Lakini nikifika nyumbani jioni, ananivua koti mlangoni, na akinivua ananinusa. Anadhani sijui. Miaka nane, Zadock. Kila jioni."

Zadock angependa ardhi ipasuke immeze na benchi pia. Alikuwa amebeba mguu wa Kiragu miaka yote hiyo, na kumbe mguu haukuwa mzigo wenyewe. Alisikia ile tamaa ya zamani ikimpanda, ya kukimbia atafute uwanja, jukwaa, mtu wa kumwekea mikono kichwani. Akaiacha ipite. Akasema, "Twende kwa Mama Annah nimwambie."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, kabla sijaogopa."

Walikwenda pamoja, mmoja akichechemea na mwingine akipunguza hatua. Wahu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alikuwa akitoa minji kwenye maganda barazani. Alimkaribisha mgeni kwa adabu, akamimina chai, na Zadock akasema yote akiwa amesimama na kofia mkononi. Hakujipunguzia hata neno. Alisema kuhusu televisheni, alisema kuhusu nyapara, na alipofika kwenye harufu ya pombe alisema, "Hiyo niliitengeneza mimi, Mama Annah, kwa mdomo wangu huu. Bwana yako hakuwa na harufu ya kitu, ila rangi."

Wahu alisimama, minji ikamwagika kutoka mapajani mwake, akaingia ndani. Koti la kazi la Kiragu lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, na wote wawili walimwona akilishika, akilinusa polepole, kisha akiuzika uso wake ndani yake. Kiragu akainuka kwa shida akamfuata. Waliongea Kikikuyu, chini chini, na Zadock hakuelewa, wala hakutaka kuelewa.

Wahu alipotoka macho yalikuwa mekundu. "Kunywa chai, imepoa," alimwambia. Baadaye kidogo akaongeza, "Sijui kama nimekusamehe. Sitaki kukudanganya. Nitakuambia nikijua."

"Sawa, mama," alisema Zadock, na akanywa chai iliyopoa mpaka tone la mwisho.

Wakati wa kuaga, Kiragu alimsindikiza hadi langoni. Zadock alikuna kichwa. "Pasta anataka neno moja liandikwe juu ya dimbwi, ukutani. Mtu akitoka majini alione. Mimi herufi sijui, unajua. Zangu huwa kama kuku wamepita."

"Neno gani?"

"Umesamehewa."

Kiragu alihesabu kwa vidole jinsi alivyozoea. "Herufi kumi na moja. Iko juu?"

"Iko juu."

Kiragu aligeuka akarudi kwa mkewe, na Zadock akatembea hadi Satellite. Alikuwa amefika kwenye kinu cha posho ndipo alipogundua kwamba njia nzima hakujiuliza hata mara moja kama bado ameokoka. Alikuwa akimfikiria Wahu, na koti, na kumwombea.

Alijiandikisha kwa ubatizo jioni hiyo hiyo. Mwandishi wa kanisa alifungua daftari la waongofu kwa mazoea, na Zadock akamwambia, "Hapana, dada. Lile lingine." Peres alipoambiwa hakucheka safari hii. Alikwenda kabatini akatoa taulo jipya alilolinunua miaka minne iliyopita, akamwonyesha kwamba tangu siku hiyo lilikuwa likimngoja yeye.

Jumamosi kabla ya Pasaka, saa tisa alasiri, Zadock alikuwa kanisani akiziba alama ya kidole cha Pasta pale kivuli kilipoingia mlangoni. Alikuwa Kiragu, na sanduku lake la brashi kwapani. Nyuma yake alikuwa Wahu, ameshika chupa ya chai, uso wake haumwambii mtu chochote.

"Niletee ngazi," alisema Kiragu.

"Tunaweza kupanga meza, upande juu ya..."

"Nimesema ngazi, Zadock."

Zadock aliileta akaiegemeza, akaijaribu mara tatu. Alipiga magoti, akaikumbatia miguu ya ngazi kwa mikono miwili na bega. Kiragu akaweka mguu mzuri kwenye kidato cha kwanza, akavuta ule mwingine. Alipumzika. Cha pili. Jasho lilimtoka kwenye shingo. Wahu alisimama mlangoni na hakumtazama mumewe hata kidogo, aliitazama mikono ya Zadock. Kidato cha sita Kiragu akasimama, akapiga uzi wa chaki, akachovya brashi kwenye rangi ya buluu, akaanza.

U ikatoka, safi kama zamani. M ikafuata. Magoti ya Zadock yaliuma juu ya saruji, kisha yakafa ganzi, na hakuyahamisha.

Nyumba ya tatu kutoka kanisani palikuwa na ukumbi wa kuonyesha mpira, na Jumamosi alasiri hujaa watu. Kiragu alikuwa akimaliza herufi ya nane pale ukumbi mzima ulipopiga kelele moja kubwa, ya vijana mia wakiruka pamoja, mpaka mabati ya kanisa yakatetemeka na ngazi ikatetemeka nayo.

Wahu alishtuka akaziba mdomo kwa mkono.

Zadock hakugeuka. Alifumba macho, akaikaza ngazi mpaka mishipa ikamsimama shingoni, shavu limebanwa kwenye mti.

"Ni bao?" aliuliza Kiragu kutoka juu.

"Sijui," alisema Zadock.

Wahu aliweka chupa ya chai chini, akavuka kanisa, akapiga magoti upande wa pili, akaishika ngazi pia. Juu yao Kiragu alichovya brashi, akaendelea na herufi ya tisa, na hakutazama chini.